Aliyesogeza Namba Nane

Ilikuwa Jumanne, saa moja na robo asubuhi, Mama Sweta alipofunua shuka lililofunika mashine yake akaikuta iko namba nane.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kusukuma kwa mkono, ndefu kama benchi la watu wanne, na sindano zake mia mbili zimelala sambamba kama meno ya kitana. Juu ya sindano hupita kigari cha chuma, kulia, kushoto, kulia, na kila kikipita kinaacha mstari mmoja wa sweta. Juu ya kigari kuna gurudumu dogo lenye namba. Ukilipeleka kwenye namba ndogo, uzi unakaza. Ukilipeleka kwenye kubwa, unalegea. Sweta la shule ni namba saba. Mama Sweta alifuma namba saba tangu mwanawe hajaota meno, na sasa mwanawe ana ndevu na mke.

Akalitazama lile gurudumu. Akavaa miwani, akalitazama tena.

"Nane," akasema kwa sauti ndogo, kama mtu aliyekuta alama ya kiatu kigeni juu ya shuka lake.

Nyumbani walikuwa watatu. Yeye mwenyewe hakuigusa. Mwanawe alikuwa fundi wa mafriji, na chumba cha mashine alikiingia mara moja kwa mwezi kubadilisha balbu. Akabaki mmoja.

Akabaki mkwe.

Mkwe alikuja miaka miwili nyuma na sanduku moja, mwavuli na vidole vyake kumi. Vidole vile ndivyo vilivyoleta taabu yote, ingawa vyenyewe havikusema neno. Vilikuwa vyembamba, vyepesi, na kucha zimekatwa fupi. Wiki ya kwanza mkwe alisimama mlangoni akitazama. Wiki ya pili akaomba kuokota nyuzi zilizodondoka. Mwezi wa tatu Mama Sweta alirudi kutoka kwenye maziko ya jirani akakuta mkono mmoja wa sweta umeshafumwa, umelazwa mezani, umepigwa pasi. Aliugeuza ndani nje kutafuta kosa. Akauvuta pembeni, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Hakupata kitu, na jambo hilo lilimuuma kuliko kosa.

"Si mbaya," alimwambia. Usiku ule hakulala vizuri.

Baadaye mambo yakaja moja moja, kama maji yanayopenya chini ya mlango. Mteja mmoja aliuliza, "Hili kafuma yule binti? Naomba na la pili afume yeye." Mwanawe naye, kwa ujinga wa wanaume waliooa karibuni, alijinyoosha mbele ya kioo akasema, "Sweta la mke wangu halinibani kwapani." Na watoto wa mtaani, ambao jina la Mama Sweta walilirithi kwa wazazi wao, wakaanza kubisha hodi na kuuliza, "Mama Sweta yupi yupo, Mkubwa au Mdogo?"

Mama Sweta Mdogo. Jina lililomchukua miaka ishirini na mbili kulipata, mtu kapewa nusu yake kwa kusimama mlangoni tu.

Naye alikuwa na siri. Miezi mitano sasa, kila akiamka, vidole vyake havikukunjika. Si kimoja, vyote, na vya mikono yote miwili kwa pamoja, kama vimekubaliana. Viungo vilivimba, vikang'aa, na ukivigusa vilikuwa na joto la chungu kilichoteremshwa jikoni. Ilimbidi ajifungie bafuni, atie mikono kwenye beseni la maji ya moto, akae juu ya ndoo iliyogeuzwa mpaka jua lipite juu ya ukuta, ndipo mkono ukubali kuwa mkono. Maji yenyewe aliyachota kwenye chupa ya chai iliyokuwa jikoni kila alfajiri. Alijua ni ya chai ya mwanawe, akawa anamwibia nusu na kurudisha kifuniko taratibu.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Fundi wa kusukuma kigari akisema mikono inauma, kesho yake kiti kina mwenyewe mwingine. Na huyo mwingine alikuwa tayari ndani ya nyumba, kucha zimekatwa.

Kwa hiyo alipoona ile namba nane, hakuwa na shida ya kuelewa. Sweta la namba nane hulegea, huvutika, shule ikalirudisha, na watu wakasema Mama Sweta kachoka. Hivyo ndivyo mtu anavyotolewa kwenye kiti chake, bila kusukumwa.

Alilizungusha gurudumu likarudi saba. Kisha akapata wazo, akajisifu nalo. Hatasema neno. Asubuhi atafumia saba yake, na jioni kabla ya kufunika mashine atairudisha nane palepale, ili mwenye kusogeza asijue kwamba ameonekana. Atangoja siku mkwe atakayoipeleka tisa. Siku hiyo atamkamata mkono ukiwa juu ya gurudumu, mwanawe akishuhudia.

Alikuwa mtu mvumilivu, Mama Sweta. Uvumilivu ni mali, ila hata wivu hupenda kuufuga.

*

Alimweleza mtu mmoja tu, muuza nyuzi aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Shoga yangu, kikulacho ki nguoni mwako," alisema Redio, huku akimfungia mabunda ya uzi wa rangi ya damu ya mzee. "Leo kasogeza namba. Kesho atasogeza kitanda chako uani."

"Na hajui kwamba najua."

"Asijue. Mwache ajisahau." Kisha Redio akanyamaza, jambo la nadra. Alikuwa akimtazama Mama Sweta akihangaika na fundo la mfuko. "Hivyo vidole vimetiwa hamira?"

"Baridi tu."

"Baridi gani mwezi huu wa jua? Lete hapa." Akalifungua fundo kwa meno. "Usiponiahidi kwenda hospitali, namwambia mwanao. Unanijua."

Alimjua. Siku ya pili akasema anakwenda kununua uzi, akaenda hospitali, akatolewa damu mirija mitatu, akaambiwa arudi Alhamisi ya wiki ya tatu yake. Muuguzi aliyemtoa damu alikuwa na vidole vyembamba pia. Siku hizo Mama Sweta alikuwa haoni nyuso za watu, anaona mikono. Hata mwanamke aliyemenya chungwa mbele yake kwenye benchi la kusubiri alimchukia mpaka chungwa likaisha.

*

Kazi iliyokuwa mezani ilikuwa ya masweta sitini ya shule, yafike kabla ya kufunguliwa. Walifuma hivi. Mkwe alianzisha kila kipande, maana kuanzisha ni kutega uzi sindano kwa sindano, na Mama Sweta alikuwa ameshaiita "kazi ya mwanafunzi" tangu vidole vilipomkataa. Akishaanzisha, mkwe anahamia kiti cha kushoto na mikebe miwili ya vifungo. Mama Sweta anashika kigari, kiganja kikilifunika gurudumu, na kusukuma. Kila mistari kumi ikitimia, mkwe anatoa kifungo kwenye mkebe huu anakitia kwenye ule, tik. Vikitimia anasema, "Basi, Mama."

Hiyo tik aliichukia. Lakini kusukuma na kuhesabu kwa mpigo kulikuwa kumemshinda, kwa sababu maumivu yalikuwa yanahesabu kwa sauti kubwa kuliko yeye.

Tena safari hii maumivu yalizidi. Kigari kwenye namba saba kilikuwa kizito kama kinapanda mlima. Kila mstari ulimpiga kwenye kifundo cha mkono ukapanda hadi kiwiko. Alikaza meno, akasukuma.

"Mama, kinasukumika vizuri?" mkwe aliuliza siku moja.

"Kwa nini kisisukumike?"

"Nauliza tu."

"Nimekisukuma kabla hujazaliwa. Hesabu vifungo vyako."

Tik, kikaenda kifungo.

Vipande vilivyotoka havikuonyesha kitu. Vikiwa kwenye mashine huning'inizwa vyuma chini, vinanyooka kama kamba ya kuanikia nguo, hata jicho la fundi hudanganyika. Baada ya hapo huunganishwa, hukunjwa, huingia mfukoni. Masweta yakafika arobaini, na mwalimu anayeshughulikia sare akaomba apelekewe hayo kwanza.

Walikwenda wote watatu, mwanawe akibeba gunia. Stoo ya shule ilikuwa na harufu ya chaki na karatasi mpya. Mwalimu, mama mnene mwenye kalamu nyuma ya sikio, akamwita msichana aliyekuwa anafagia ukumbi.

"Njoo ujaribu. Wewe ni saizi thelathini na mbili, sivyo?"

Msichana akaingiza kichwa. Kichwa kikakataa. Akavuta, masikio yakajikunja, likapita. Mikono ya sweta ikaishia katikati ya kiganja na kiwiko, na chini shati lilichungulia lote. Mwalimu akatoa jingine, na jingine. Msichana akaanza kucheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye.

"Mama Sweta," mwalimu alisema polepole, "umenifumia masweta ya wadogo zao."

Hapo ndipo Mama Sweta alipoinyanyua mikono yake, ambayo miezi mitano aliificha chini ya kanga, akamnyooshea mkwe kidole. Hakikunyooka vizuri. Lakini kila mtu aliona kinakoelekea.

"Muulize huyu. Ndiye anayeanzisha, ndiye anayehesabu. Na mashine yangu kaisogeza namba kwa siri. Nimenyamaza, nimevumilia, leo yametoka."

Mwanawe akageuka kumtazama mkewe. Mkwe alikuwa ameshika moja ya yale masweta, analivuta upana kwa vidole viwili, midomo ikihesabu.

"Mama," aliuliza, "tulipofuma haya, mashine ilikuwa namba ngapi?"

Swali lilikuwa moja tu, na jibu lilikuwa neno moja. Mama Sweta aliliona neno lile limesimama mbele yake.

"Nane," akasema. "Ulipoiweka wewe."

Mkwe akalikunja sweta vizuri, mikono ndani, kola juu. "Basi nimekosea kuhesabu," akasema. "Mwalimu, tusamehe."

Walipewa wiki mbili na nusu. Walipofika mlangoni kwao, mwanawe akamwambia mkewe, kwa sauti ya mtu asiyejua kama anafanya haki, "Mwachie Mama mashine yake."

Na mkwe akamwachia.

*

Kwa hiyo Mama Sweta alikipata alichokitaka. Kiti chake, chumba chake, na ukimya, bila tik ya mtu.

Asubuhi ya kwanza alianza kutega uzi mwenyewe. Sindano ni nyembamba kama mbavu za dagaa. Kidole kilichovimba hugusa tatu kwa pamoja. Alitega, ukachomoka, akatega. Saa nne alikuwa na sindano arobaini. Saa sita kipande kizima kilianguka sakafuni na vyuma vyake, kelele iliyosikika hadi jikoni. Alingoja aone kama mkwe atakuja kuchungulia, apate wa kumfokea. Hakuja.

Jioni alimwambia mwanawe, kwa kutafuta neno tu, "Hata chai yako ya asubuhi naona bado anakuwekea kwenye chupa. Angalau hilo."

"Chai gani, Mama? Mimi nakunywa kazini. Sijanywa chai hapa asubuhi tangu nioe."

"Na yale maji ya moto?"

"Sijui. Huwa anaamka kuyachemsha. Nilidhani ni yako."

Mama Sweta alikuwa na mkate mdomoni, na mkate ukageuka pamba.

*

Alhamisi alirudi hospitali. Daktari alikuwa kijana wa kike, mwenye sauti ya taratibu na karatasi nyingi. Akamshika mikono yote miwili, akabonyeza kiungo kimoja kimoja, akisema "samahani, mama" kila mara.

"Ni baridi yabisi, mama. Lakini baridi ya hewa haihusiki. Ni kinga ya mwili wako imegeuka kupigana na viungo vyako."

"Kinga si ndiyo inayonilinda?"

"Ndiyo hiyohiyo." Daktari akavuta kiti karibu. "Ndani ya damu yako mna askari wengi. Wapo wanaomeza wadudu, wapo wanaotengeneza silaha. Lakini askari hawa hawaanzi vita wenyewe. Wanangoja wapambe wao, tunawaita seli T saidizi. Huyu msaidizi hapigani. Kazi yake ni kuonyesha kidole. Akisema 'adui yule pale', wote wanamwamini, wanakwenda."

Mama Sweta akaivuta mikono yake kidogo, akairudisha kwenye mapaja.

"Na asipoona vizuri?"

"Hapo ndipo penye ugonjwa. Wana shule yao, ipo humu kifuani nyuma ya mfupa. Kila mmoja anapimwa. Anayemwonyeshea kidole mtu wa nyumbani hafaulu, anaondolewa. Ila wapo wachache wanaopenya. Kwako wewe wameonyesha ile ngozi laini iliyo ndani ya viungo. Askari wamekuja na moto, ndiyo joto hilo unalolisikia. Na wakishachoma, msaidizi anaona moshi, anasema, 'Si niliwaambia? Adui yupo.' Anaita wengine."

"Anaona moshi aliouwasha mwenyewe."

"Umenielewa kuliko wanafunzi wangu."

Mama Sweta alitazama dirisha. Kisha akauliza lile alilolibeba moyoni tangu mwanzo. "Daktari, mtu anaweza kunitia ugonjwa huu? Kwa kijicho, tuseme. Mtu anayekitaka kitu changu."

"Hapana, mama. Hakuna aliyekutia. Kidogo ni urithi, kidogo mambo mengine ambayo mengine hatujayajua. Lakini mtu, hapana."

Ni ajabu kusema, lakini alisikitika. Miezi yote alikuwa ameuwekea ugonjwa mwenyewe wake, amempa sura na kucha fupi. Sasa ulikuwa umerudi kukaa mapajani mwake, hauna pa kwenda.

"Basi nipe dawa ya kuwaua hao wasaidizi."

Daktari akatabasamu. "Tukiwaua wote, kikohozi cha mtoto wa jirani kitakumaliza. Tunawahitaji. Tunachofanya ni kuwapunguza sauti. Dawa hii ni mara moja kwa wiki. Si kila siku, mama, tafadhali, ukiinywa kila siku itakudhuru. Chagua siku moja uishike. Na hii nyingine nitakuandikia siku yake, inapunguza usumbufu wa ile ya kwanza. Usitegemee nafuu kesho. Ni wiki kadhaa, pengine miezi. Na utakuja kupimwa damu. Una mtu wa kuhesabu nawe siku? Watu husahau."

"Ninaye," alisema Mama Sweta, kabla hajafikiri.

*

Alifika nyumbani mchana, akaenda moja kwa moja kwenye mashine bila kuvua viatu. Alishika kigari, kwenye saba, akasukuma. Kikagoma katikati, maumivu yakampiga hadi begani. Akakaa akilitazama lile gurudumu. Mwisho akalizungusha, safari hii bila hila yoyote, akaliweka nane.

Kigari kiliteleza. Kilikwenda kulia, kikarudi kushoto, kama mlango uliotiwa mafuta. Akajaribu kwa mkono mmoja, kikaenda.

Akavuta mkebe wa vifungo ahesabu. Vidole havikuweza kuokota, akaumimina wote mezani. Pamoja na vifungo kikadondoka kipande cha kadibodi kilichokunjwa.

Kilikuwa na mwandiko wa mkwe, ule wa kulala kidogo. Saizi zote zilikuwa pale, ishirini na sita mpaka thelathini na sita, na mbele ya kila moja sindano ngapi na mistari mingapi, kwa namba nane. Sindano pungufu, mistari pungufu, ili sweta litoke sawasawa na la saba. Pembeni vilishonewa viraba vinne vya rangi ya damu ya mzee, vimefumwa, vimefuliwa, vimepimwa kwa rula. Si kazi ya siku moja. Na chini kabisa kulikuwa na maneno haya: "Nane inasukumika bila kuumiza mkono. Kumwambia Mama: bado."

Mama Sweta aliliona lote kwa mara moja, kama mtu anayewashiwa taa. Mkwe alianzisha kwa hesabu ya nane. Yeye alisukuma kwa saba. Na kila jioni alikuwa akiirudisha nane kwa mkono wake mwenyewe, ili mwizi asishtuke.

Alimkuta uani akianua nguo.

"Kwa nini hukuniambia?" alimuuliza, akiinua kadibodi.

Mkwe aliweka kapu chini. "Ningekwambiaje, Mama? Siku niliyokusaidia kufungua chupa ya mafuta hukunisemesha siku tatu."

"Nne."

"Nne, basi."

"Nilihesabu." Mama Sweta alikaa juu ya jiwe la kufulia. "Ilikuwa saba. Pale stoo uliponiuliza. Ilikuwa saba siku zote, nikakujibu nane."

Mkwe alikunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena.

"Lakini kila nikifuta vumbi jioni nilikuwa naikuta nane."

"Nilikuwa nairudisha."

"Unairudisha? Kwa nini?"

"Nilitaka kukukamata ukiipeleka tisa."

Mkwe alifunika mdomo kwa taulo. Mabega yakatikisika, na kwa muda Mama Sweta hakujua kama analia au anacheka. Alikuwa akifanya yote mawili.

"Mama," alisema mwisho, "ungengoja sana."

"Ningengoja. Najijua."

"Mwanao hajanisemesha vizuri tangu siku ile." Sasa hakuwa anacheka. "Mimi mwenyewe nimekaa siku ngapi nikirudia hesabu zangu, nikidhani nimekuwa mjinga."

Hilo ndilo lililomwingia Mama Sweta kuliko yote. Akaitoa mikono chini ya kanga, akaiweka wazi magotini, mbele ya vidole vile vyembamba ambavyo hakutaka viione.

"Kesho tutakwenda shuleni," alisema. "Kidole nilikinyoosha mbele ya watu. Nitakikunja mbele ya watu. Na leo mwanangu akirudi, nitamwambia kabla hajavua viatu."

*

Mwalimu alisikiliza yote, kalamu ikiwa nyuma ya sikio. Mama Sweta alisema bila kupunguza: namba saba, namba nane, na uongo. Mwanawe alisimama mlangoni akitazama sakafu, kisha akasogea akasimama karibu na mkewe.

"Nimekuelewa, Mama Sweta," alisema mwalimu. "Lakini mimi nina watoto sitini. Hii kazi nimwachie nani?"

Swali hilo Mama Sweta alikuwa amelikimbia miezi mitano, na sasa alikuwa amelifuata kwa miguu yake.

"Atasukuma huyu," akasema. "Mimi nitahesabu."

Walifumua masweta arobaini kwa siku mbili, uzi wote ukirudi kwenye mabunda yake. Siku ya tatu mkwe alikalia kiti cha kulia. Mama Sweta akakalia cha kushoto, mikebe miwili mapajani. Vifungo vidogo alikuwa ameviondoa, akaweka vya koti, vikubwa, vinavyoshikika.

Kigari kikaanza. Mbio, laini, bila kukwama. Hata yeye katika ujana wake hakusukuma hivyo, na alijua, na kulijua kulimuuma kuliko vidole vyake. Daktari hakuwa amempa dawa ya hilo.

Nje mtoto akabisha hodi. "Mama Sweta yupo?"

"Yupi?" aliuliza Mama Sweta.

"Yule anayefuma."

Mkwe aliinamisha kichwa, asionekane akitazama. Mama Sweta akasikia ule wivu ukiinuka ndani yake, na kidole chake tayari. Mistari ilikuwa mia na ishirini na mitano. Ilitakiwa mia na thelathini na minne. Akisema "basi" sasa, nani atajua? Kipande kiko na vyuma, kimenyooka. Kitajulikana shuleni.

"Njoo kesho," alimwambia mtoto. "Anayefuma ana kazi."

Kigari kikapita, kikarudi. Alikuwa ameshika kifungo cha kumi na tatu, cheusi, cha koti la marehemu mumewe. Mia na ishirini na nane. Mia na ishirini na tisa. Alikikaza mpaka kiungo kikauma.

Mia na thelathini. Akakiachia mkebeni, tik, akaanza kuhesabu minne iliyobaki.